Mume wa Kliniki

Vumbi la dagaa lilikuwa limemkaba Rozina tangu alfajiri. Alipepeta, akamwaga mchanga, akapepeta tena. Kila kichefuchefu kilipompanda alimeza mate, wenzake wasijue.

Mama Nyangi, muuza uji, alijua. Wiki nzima alimletea kikombe na kukataa hela. Juzi Rozina alishindwa kujizuia, akamwambia yote: mimba, Pius mpakiaji aliyebadilisha namba ya simu, mtu wa duka la dawa kule Igoma anayetoa mimba chumba cha nyuma. Alipomaliza akajuta. Watu hufungwa kwa hilo. Na uji wa bure, nani aliwahi kuuona sokoni?

"Sikukatazi, sikutumi," Mama Nyangi alimjibu. "Lakini unaumwa tumbo, ukapimwe kwanza. Kwa yule wa Igoma binti wa watu ameshafia."

Ndiyo maana sasa walikuwa zahanati, wametoka sokoni moja kwa moja. Benchi lilijaa wajawazito na waume zao, wengine wa kukodi. Dereva mmoja wa bodaboda alimnong'oneza mkewe, "Unaitwa nani vile?"

Zamu ya Rozina ikafika.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba. Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi lete barua ya mwenyekiti wa mtaa."

"Nilikwenda. Akasema nirudi jioni, peke yangu."

Benchi likaguna. Nesi hakuinua macho. "Hayo ni yenu huko mtaani. Bila mwenza wala barua sipimi. Anayefuata!"

"Naumwa hapa chini, nesi. Tangu juzi."

"Anayefuata!"

Mama Nyangi akasimama. "Mume wake ni mimi."

Watu wakaangua kicheko.

"Mama, acha vituko," nesi akasema.

"Vituko gani? Kwetu Tarime mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mke, na watoto ni wa nyumba yake. Mimi mabinti zangu wote wameolewa, nyumba imebaki na kuku. Kaulize!"

Kicheko kikakatika. Rozina alimgeukia taratibu. Kumbe. Pius alitaka mwili, mwenyekiti anataka huo huo, wa Igoma anataka hela, na huyu anataka kilichomo tumboni.

"Ulikuwa umeshamhesabu mtoto wangu, mama?"

Mama Nyangi hakukwepa. "Nilitamani. Ningekuomba, nisingekuibia."

"Haya, binti," nesi akaingilia, kalamu mkononi. "Ndiye mumeo? Sema nikuandike, foleni ndefu."

Neno moja tu, na mlango ungefunguka. Rozina alilisikia likimjia mdomoni, tamu kama uji ule.

"Siyo," akasema. "Sina mume. Andika hivyo: hana. Halafu nipime."

"Nimeshakwambia..."

Rozina alimpita, akaingia chumba cha kupimia, akapanda kitandani na viatu vyake vyenye mchanga, akalala chali.

"Mlinzi!" nesi akapiga kelele. "Njoo umtoe huyu!"

Mlinzi akaja mbio, akakuta mlango umezibwa. Mama Nyangi alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, kilemba kimemlegea.

"Pita hapa kama mama yako alikuzaa kwa barua," akamwambia.

Kutoka kitandani Rozina aliutazama mgongo ule mpana. Hakujua unamlinda yeye, au unalinda tumbo. Hakushuka.