Mbuzi Ndani ya Kompyuta ya Préfet

Mimi, Élisée Lumbala, mwanafunzi wa interna, bweni la shule, mtumishi mnyenyekevu wa ukweli, natangaza mbele ya mbingu na nchi kwamba kompyuta ya shule yetu haikuwa na pepo. Mbingu na nchi ziliwakilishwa na Préfet Gamaliel, mkuu wa shule. Pia na Jessé, mwenzangu anayetunza chumba cha kompyuta. Na mimi, niliyekuwa nikitafuna karanga.

Préfet alikuwa akiandika ripoti ya kanisa ndani ya kivinjari cha intaneti, kwa kidole kimoja, tangu asubuhi. Akabonyeza ukurasa mwingine uliokuwa umefunguliwa pembeni, sijui na nani. Akatokea mbuzi wa kuchorwa mwenye miwani ya Préfet, tai yake na upara wake, na mashine ikaanza kuunguruma kama lori lililokwama topeni njia ya Kabongo.

Préfet akafungua orodha ya kazi za mashine. Jina la kivinjari kilekile lilikuwa limeandikwa mara kumi na tisa. Akafuta miwani, akahesabu tena, akatoa hukumu: Jessé ameingiza watu kumi na tisa kwa siri ndani ya kompyuta ya Wamethodisti wenye shule, basi leo hii atapanda lori la kurudi kwao Kinkondja, akakaushe samaki na ndugu zake. Jessé, ambaye kwao hakuna mwingine aliyefika sekondari, akaanza kulia bila sauti.

Préfet akapeleka mshale kwenye jina la kwanza, awafukuze wote. Nikaweka karanga chini, nikamzuia.

"Préfet, ile hapana. Ile njo chef wa camp. Ukimufukuza, bote banatoka, na ripoti yako inaenda nabo."

Kidole kikabaki hewani. Nikaeleza, kwa unyenyekevu ambao sina. Mimi ni mtoto wa askari, nimekulia base, kambi ya jeshi. Kule mama zetu hawapiki katika sufuria moja. Kila mmoja ana mbabula yake, jiko la makaa, mbele ya mlango wake. Makaa yanaliwa mengi, ni kweli, na kivinjari nacho kinakula kumbukumbu nyingi ya mashine kwa sababu hiyohiyo. Lakini siku mama yangu Bibiche anapounguza bukari, ugali wetu, na anaunguza kweli, jirani yake Mama Ngalula anaendelea kusonga lake kwa amani. Wala hakuna anayetumbukiza mkono katika chungu cha mwenzake. Kivinjari nacho huupa karibu kila ukurasa jiko lake, na chef mmoja, mkuu wa kambi, anazigawia kurasa nafasi. Ukurasa ukishikwa na wazimu, unakufa peke yake. Ukiwa wa mwizi, ni vigumu kuchungulia kwa jirani. Zamani vivinjari vilipika katika sufuria moja: ukurasa mmoja ukiharibika, nyote mnalala njaa.

Préfet akauliza kama wale kumi na tisa si watu. Nikasema ni majiko. Akaniamuru nithibitishe. Nikatafuta lililokuwa linakula nguvu kuliko yote, nikalizima. Mbuzi akatoweka, mashine ikatulia, na ripoti ikabaki palepale, pamoja na makosa yake yote ya tahajia.

Préfet akamwambia Jessé afute machozi, lori litaondoka bila yeye. Kisha akatazama kioo cha kompyuta, akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba aliyemchora yule mbuzi hana kipaji hata kidogo. Pembe zilifanana na ndizi.

"Ndizi?" nikasema. "Préfet, ile pembe nilifanya wiki muzima."

Préfet hakukasirika, alitabasamu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Aa, fundi njo weye. Na ufunguo wa chumba, nani alikupa? Jessé?"

Jessé alinitazama. Ningeweza kukohoa, kuzimia, kuanza sala. Nilitafuta uongo mzuri, nao siku hiyo haukuja.

"Jessé hapana, Préfet. Niliutoa ndani ya kiatu chake akiwa anaoga. Mbuzi njo wangu, pembe njo zangu. Upara tu njo wako."