Mahindi ya Maonyesho

"Hayo usiyamwagilie," Maneno alisema, na Mwamini akauvuta mpira wa maji kando, ukiendelea kuvuja miguuni pake.

Maneno alikuwa msimamizi wa bustani ile ya Mbwawa, Kibaha, ambako wasanii kutoka Dar walikuwa wanaandaa maonyesho juu ya ardhi na mimea. Wengine walitundika vitambaa mitini, wengine walifinyanga udongo. Msanii mmoja, Eugenia, aliomba apandiwe kipande cha mahindi. Mwamini ndiye aliyelima, akapanda, akapalilia mpaka yakamfika kiunoni. Ndipo akaambiwa kazi yenyewe: yaachwe yakauke, watu waje wauone ukame.

"Yote?"

"Yote, mama. Ndiyo sanaa yake hiyo."

Uchovu wake haukuwa wa jembe tu. Shamba lake la Maneromango lilikauka hivyohivyo mumewe akiwa hai. Alipomzika, alihamia Kibaha kwa binti yake, akaanza kutafuta vibarua. Sasa kila asubuhi alipita kando ya mahindi yale na kuyaona majani yakijiviringisha kama mikeka. Aliyamwagilia maua ya jirani, uso ameugeuzia pembeni.

Maonyesho yalipofunguliwa alijikaza. Lakini mchana mmoja, jua likiwaka na wageni hawapo, aliuvuta mpira mpaka kwenye mahindi. Ardhi ikayanywa maji kwa sauti.

Eugenia alimkuta hapohapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwamini hakuondoa mpira.

"Hawakukwambia?"

"Waliniambia."

Mwamini aliusogeza mpira kwenye mstari wa pili.

"Mwanangu, sisi tulikaa kibarazani, mimi na marehemu, tukayaangalia mpaka bua la mwisho. Njaa tungeiweza. Kule kuyaangalia ndiko kulikommaliza. Mimi sina nguvu ya kuyaangalia tena."

Eugenia alichuchumaa, akatia vidole kwenye udongo uliolowa.

"Nikiyaokoa haya, mama, sitakuwa nimesema kitu," alisema. "Ila sikupaswa kukupandisha wewe, halafu wewe huyohuyo uyaone yakifa. Nisamehe."

"Fanya kazi yako, mwanangu," Mwamini alisema, akaenda kufunga maji.

Kesho yake alihamishiwa kwenye vitalu vya miche, nyuma kabisa ya bustani. Hakuuliza habari za mahindi, wala hakuna aliyempa.

Siku ya kufunga maonyesho, Maneno alimtuma akang'oe mabua. Alikwenda na jembe begani, hatua nzito, akitaraji kukuta mahali patupu. Watu walikuwepo bado. Wamekaa chini kwenye nyasi kuyazunguka mabua yaliyopauka, wanazungumza kwa sauti za chini, kama watu waliokuja kuhani msiba. Mama mmoja mwenye sare ya kiwandani, huenda ametokea huko viwandani Zegereni, alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Upepo ulipopita, mabua yalikwaruzana, na mazungumzo yakakatika.

Maneromango hakuna aliyekuja kuhani shamba. Watu huhani wafu, na kila nyumba ilikuwa na mabua yake.

Mwamini alisimama, asijue amwambie nani aondoke. Yule mama wa kiwandani akainua uso, akamwona, akasogea kidogo kumpa nafasi.

"Kaa, mama."

Mwamini alililaza jembe kwenye nyasi, akaketi, akanyoosha miguu.