Matikiti ya Rael

Kisu kiliingia kwa kishindo, kama kinachopasua boga bichi. Tikiti likagawanyika, na ndani likawa jeupe, limepiga wekundu kidogo tu katikati. Rael akapasua la pili. Jeupe. La tatu, vilevile. Baba yake, mzee Mogaka, alikuwa ametoka Kisii asubuhi hiyo kuona kwa mara ya kwanza mahali alipoolewa bintiye. Akainamisha macho, akaitazama mikono yake.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Mimi ndiye niliyemwambia ayachume.

Rael aliolewa na shemeji yangu Oliver, tukawa boma moja hapa Suna. Kwa miaka saba mwenye matikiti nyuma ya nyumba nilikuwa mimi. Hata mbegu nilimgawia kwa mkono wangu. Zikamkubali kuliko zilivyowahi kunikubali mimi. Mashina yake yalitambaa hadi kwenye ua, yakazaa matikiti ya kubebwa kwa mikono miwili. Mama mkwe, ambaye kwangu haingii bila kutafuta magugu, akawa anasimama kwa Rael kila jioni akicheka. "Nyar Kisii ana mkono," aliwaambia majirani, yaani binti wa Kisii. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia. Niliisugua sufuria moja mpaka kiganja kikaniwasha.

Wiki moja kabla ya wageni, Rael alinijia. "Dada, nitajuaje yameiva?"

Nilijua vizuri sana. Kile kijikamba kilichojisokota karibu na kikonyo lazima kikauke. Upande uliolalia udongo ugeuke manjano. Ukiligonga, lijibu kwa sauti nzito.

"Angalia linalong'aa," nikamwambia. "Ukiligonga, lilie kali. Usichelewe, yatapasuka."

"Asante, dada." Akanishika bega.

Sasa vipande vyeupe vilikuwa mezani mbele ya wageni. "Ni makosa yangu," Rael akasema. "Nilikuwa na haraka."

Mzee Mogaka akachukua kipande, akala hadi kwenye ganda, akaomba kingine.

"Nyar Kendu," mama mkwe akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "hebu tuletee yako."

Rael akanifuata shambani kunisaidia kubeba. Nilichuma mawili. Yalipokatwa yalikuwa mekundu, maji yakatiririka mezani, na mama mkwe akanisifu mbele ya wageni wote. Sifa hizo nilizingoja miaka saba. Siku hiyo sikuonja hata kipande.

Ilinichukua miezi miwili kwenda kwake. Nilimkuta mlangoni, ungo mapajani, akichambua maharagwe.

"Rael, yale matikiti…"

"Nilijua siku ileile," akasema. "Ulipochuma yako hukugonga hata moja. Uliangalia kijikamba tu, ukakata."

Nilikosa pa kuweka mikono. "Mbona hukusema?"

"Baba alikuwa anakula."

Akapepeta makapi, akatoa jiwe, akalitupa uani.

"Sogea kidogo," akasema. "Unanizibia mwanga."