Maji Yaliyosimama Bila Chupa

Redio ya mlinzi ilikuwa ikisoma habari za mvua, na Tolosa alikuwa amejiegemeza kwenye kabati akimenya chungwa, jambo lisilotakiwa maabarani. Yeshimebet hakumwona. Alikuwa amekunja magoti mbele ya meza hadi jicho lake likawa sawa na alama iliyochorwa kwenye shingo ya chupa ya ujazo, naye alikuwa akishusha maji safi tone kwa tone juu ya sampuli ya kisima cha mtaa wa Tach Sefer.

Maji yakiwa ndani ya kioo hayakai bapa. Hupanda kidogo pembeni na kubonyea katikati, na mtu anayeijua kazi husoma pale chini kabisa pa mbonyeo. Asiyeijua husoma popote panapompendeza. Yeshimebet alingoja tone la mwisho liteleze lenyewe, na lilipotua, chini ya mbonyeo pakagusa alama bila kuzidi wala kupungua.

"Dada, hayo maji unayapima au unayaposa?" aliuliza Tolosa.

"Nyamaza, unatikisa meza."

"Mimi? Si niko huku na chungwa langu!"

"Sauti yako ndiyo inayotikisa."

Katika wilaya yetu yote ya Qerensa hapakuwa na mpimaji kama yeye, na hilo nalisema hata Tolosa akiwa anasikia. Wengine wakimaliza kumimina kwa pipeti, ule mrija wa kupimia, huipuliza ili tone lililobaki kwenye ncha litoke. Yeshimebet hakupuliza hata siku moja, maana aliyeitengeneza pipeti alishaliacha tone hilo nje ya hesabu. Chupa zake alizisuuza mpaka maji yakawa yanateleza ndani yake bila kuacha hata chembe ya unyevu iliyojikunja. Maji yakitoka kwenye friji alikaa nayo mpaka yapate joto la chumba, kwa sababu maji baridi hujikunyata na ya moto hutanuka. Wenzake walikwenda kula, wakarudi wakichokonoa meno, wakamkuta bado amekaa nayo. Ilikuwa raha kumtazama, kama ilivyo raha kumtazama fundi yeyote asiyejua kulipua kazi.

Ufundi huo aliupata kwa mama yake, Dinknesh, ambaye aliuza teji huko Tach Sefer tangu Yeshimebet hajazaliwa. Kwetu pombe hiyo ya asali hunywewa kwa birile, chupa ndogo ya kioo yenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba, na chupa ya ujazo ni birile hiyohiyo iliyotiwa alama. Wauzaji wetu wana desturi ya kuongeza kidogo juu ya kipimo. Ukinunua vitunguu unadai nyongeza, ukinunua nafaka unadai nyongeza, na muuzaji asiyetoa huonekana hana baraka. Dinknesh hakutoa nyongeza wala hakupunja. Alimimina mpaka pale shingo inapoanzia, basi. Watu walimwita mkono wa birika mbele ya uso wake, na kila jioni nyumba yake ilijaa, kwa kuwa ndiyo nyumba pekee ya pombe ambayo hakuna aliyewahi kupigana akidai jirani yake kajaziwa zaidi.

Sasa mikono ya Dinknesh ilikuwa imechanika viganja vyote, hata kukanda unga wa injera akawa anashindwa. Tach Sefer iko chini ya kiwanda cha ngozi. Ngozi hulainishwa kwa kromi, na maji ya kuoshea hutiririka kwenye mfereji ambao humezwa na ardhi kabla haujafika mtoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa yanakokwenda. Lakini kisima kilikuwa kimoja, na watu wanakunywa. Bomba la maji ya mlimani lilikuwa limefika mitaa ya juu likasimama hapo, na kanuni ilikuwa kwamba litateremshwa tu kwenye mtaa ambao kisima chake kimepimwa na maabara ya wilaya kikaonekana kibaya.

"Mikono yangu nimewaonyesha, wakaniambia nipake siagi," Dinknesh alimwambia binti yake. "Wewe wapelekee kipimo. Kipimo hawawezi kukipaka siagi."

Ndiyo maana asubuhi ile Yeshimebet alikuwa amepiga magoti kwa muda mrefu kuliko kawaida. Maji yenye kromi ya sumu yakitiwa dawa hugeuka zambarau, na kadiri sumu inavyozidi ndivyo zambarau inavyokolea. Kwenye rafu palikuwa na safu ya chupa za rangi zinazojulikana, kuanzia ile iliyopauka inayoruhusiwa kunywewa hadi ile ya mwisho, ambayo mtu haruhusiwi kuogeshea hata ng'ombe. Yeshimebet aliiweka chupa ya Tach Sefer mwisho wa safu. Ilikuwa imekolea kuliko zote.

Mkuu wa maabara, Ato Girmachew, alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu mpole, aliyekumbuka majina ya watoto wa kila mtu.

"Hii ya wapi?" aliuliza.

"Tach Sefer."

"Mama hajambo?"

"Anakunywa hayohayo."

Ato Girmachew alikishusha kikombe. Alitazama safu ile kwa muda, kisha akatazama dirishani, upande wa bomba la moshi la kiwanda.

"Tukiandika hivi, watu wa mkoa watakifunga kiwanda. Nusu ya mji huu italala njaa."

"Mimi sikusema kifungwe. Nimepima maji tu."

"Tia nyongeza kidogo, Yeshimebet. Ukivuka alama hata kwa upana wa kucha chache, rangi inapauka, tunakuwa hatujasema uongo mkubwa. Mbona sokoni hata vitunguu vina nyongeza?"

"Mimi ni mtoto wa Dinknesh. Kwetu hakuna nyongeza."

Basi Ato Girmachew akachukua mwenyewe chupa laini ya plastiki yenye maji safi, akaiminya juu ya shingo ya ile ya zambarau. Maji yaliingia, yakafika kwenye alama, yakageuza njia. Yale yaliyozidi yalipanda kwenye ukuta wa kioo, yakavuka mdomo, yakateremka kwa nje, yakakata meza mpaka kwenye chupa laini, yakaingia humo kupitia ncha ileile yaliyotokea. Aliminya tena, yakarudi tena.

"Yamekataa, bosi," alisema Tolosa.

"Naona."

Alijaribu kuziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Maji yalipita chini ya kidole, wala hakikulowa. Mwishowe akachukua kizibo, akakishindilia kwa kiganja kwa nguvu za mtu aliyechoka, na shingo ikapasuka. Kioo chote kilipukutika mezani kama ganda la yai lililochemshwa.

Maji yalibaki yamesimama. Tumbo lilikuwa la mviringo, shingo nyembamba, na juu palikuwa pamebonyea katikati vilevile, zambarau tupu, bila kioo.

"Msiguse, mtajikata," alisema Tolosa, akaleta ufagio mdogo na kuzoa vigae kuzunguka yale maji, kwa uangalifu asije akayagonga.

Yeshimebet alipiga magoti tena, akayatazama kwa jicho lililo sawa nayo. "Hayajapungua," alisema.

Kwa upande wangu naona lilikuwa jambo la haki. Kitu kikipimwa kwa uaminifu kiasi kile hakina sababu ya kushikiliwa. Ila Ato Girmachew alikuwa mtu wa kanuni, naye aliikumbuka iliyohitajika.

"Ujazo ni maji yaliyomo ndani ya chupa iliyothibitishwa," alisema. "Hapa sioni chupa. Hiki si kipimo. Tolosa, rudia wewe."

"Kwa nini asirudie yeye mwenyewe?"

"Kwa sababu tutaishiwa na chupa."

Tolosa alirudia. Alivuta sampuli kidogo tu kwa pipeti, akaipuliza mpaka tone la mwisho, akamimina maji safi huku amesimama wima, jicho liko juu mbali na alama, na alipoipita hakurudi. Maji yale yalikuwa maji ya kawaida, yakakubali. Rangi ilipauka mpaka ikalingana na chupa ya kwanza kwenye safu.

"Mke wangu yuko kiwandani, dada," alisema, akiosha pipeti ambayo tayari ilikuwa safi.

"Najua."

"Yuko idara ya kukausha."

"Tolosa, nimesema najua. Ila ungeinama basi. Hata kama ni kwa uongo, ungeinama."

Ijumaa kipaza sauti cha serikali ya mtaa kilizunguka Tach Sefer juu ya pikipiki, kikitangaza kwamba kisima kimepimwa na kuonekana salama, na wananchi waendelee kukitunza. Mafundi wa bomba walikusanya sururu zao wakahamia mtaa mwingine.

Maji yaliyosimama hayakuweza kuhamishwa, kwa hiyo meza ikaachwa palepale na kuzungushiwa kamba. Kwanza walikuja wafagizi, kisha walimu na wanafunzi, kisha maharusi waliotaka kupigwa picha mbele yake. Watu wa kiwandani walileta kitambaa cha ngozi laini kikatandikwa kuzunguka pale yaliposimama, kwa hisani yao. Ofisa mmoja kutoka mkoani aliinama, akaunganisha mikono nyuma, akasema kwamba maishani mwake hajaona zambarau iliyotulia namna ile.

"Hiyo rangi ni sumu," Yeshimebet alimweleza. "Ni maji ya kisima cha Tach Sefer. Watu wanayanywa."

"Na mbonyeo wake!" alisema ofisa. "Safi kabisa. Ni wewe uliyejaza? Hongera sana, dada."

Alimwambia kila mgeni maneno yaleyale. Wageni waliitikia kwa kichwa, kwa heshima, maana waliona kwamba anazungumza mtu anayeijua kazi yake. Alipandishwa cheo, akapewa koti jipya jeupe lenye jina lake kifuani, na kazi ya kuwaongoza wageni. Upimaji akaachiwa Tolosa. Nakiri kwamba lile koti lilimkaa vizuri, na nakiri pia kwamba niliudhika kila nilipomwona amelivaa.

Dinknesh alikuja siku ya soko, amejitanda shuka lake jeupe la kanisani, viganja amevifunga vitambaa. Alipita chini ya kamba, akapiga magoti kwa taabu, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo mpaka wageni wengine wakaanza kunong'ona. Kisha akazunguka meza, akapiga magoti upande wa pili, kama alivyokuwa akifanya kwa birile mteja alipolalamika.

"Nani alikuambia uishie hapa?" aliuliza.

"Palikuwa na alama."

"Sasa hivi haipo, na bado yamefika palepale." Alisimama akishikilia bega la binti yake. "Mimi sikuwahi kujaza hivi. Nilikaribia, lakini hivi, hapana."

Macho ya Yeshimebet yalijaa. "Mama, nilitaka wakuletee bomba."

"Najua ulichotaka. Umekitenda chote. Kilichobaki hakikuwa chako." Dinknesh aliyatazama maji mara nyingine. "Kumbe ndiyo rangi yake. Miaka yote hii nimeyanywa meupe."

"Njoo ukae kwangu, mitaa ya juu. Bomba lipo."

"Na wale wengine wote nao utawaweka wapi? Chini ya kitanda?" Alicheka, kisha akajifunga shuka vizuri. "Niache niende. Saa hizi foleni kisimani huwa fupi."

Yeshimebet alilivua lile koti jeupe, akalitundika kwenye kamba, akawaacha wageni na maji yao. Walishuka pamoja na mama yake kwa njia ya mfereji. Kisimani palikuwa na wanawake wanne tu, nao walimpongeza, kwa sababu wote walikuwa wameshakwenda kuyaona yale maji na walijivunia kwamba yametoka kwao. Mmoja alikuwa amebeba mtoto mwenye vidonda mdomoni.

Zamu ya Dinknesh ilipofika, hakuweza kushika kamba kwa viganja vile. Yeshimebet alivuta ndoo, akakunja magoti mbele ya dumu la mama yake, jicho sawa na mdomo wa dumu, akamimina polepole mpaka likajaa sawasawa. Hata tone moja halikumwagika. Wanawake walimtazama kwa kumhusudu, mmoja akamwomba amjazie na lake, na yeye akajaza, kisha la mwingine, kisha la yule mwenye mtoto.