Mkanda wa Sajini

Mlio wa kwanza ulitoka ng'ambo ya mto saa tatu na nusu asubuhi. Nekoye alikuwa amekaa barazani akichambua majani ya kunde. Aliacha kazi, akasikiliza. Mlio wa pili ulikuja kabla hajapata kujidanganya kwamba ni gari bovu. Sajini, mbwa wa mumewe, aliinua kichwa chake chenye mvi, akaelekeza sikio lake moja zima upande wa mto, kisha akakilaza tena kichwa juu ya miguu.

"Leo ni Alhamisi," Nekoye alimwambia, kana kwamba mbwa ndiye aliyekosea tarehe. "Walisema Ijumaa."

Jumapili iliyotangulia, naibu wa chifu alikuwa amesimama nje ya kanisa baada ya ibada na kutoa amri. Mtoto mmoja alikuwa ameumwa na mbwa asiyejulikana kando ya barabara ya Malakisi, na mtoto huyo alikuwa amekufa kwa kichaa cha mbwa. Kuanzia Ijumaa, kila mbwa asiye na karatasi ya chanjo angepigwa risasi. Sajini alikuwa nayo karatasi, lakini ilikuwa Kitale, ndani ya faili, katika kituo cha polisi alichokuwa amefanyia kazi miaka tisa. Ndiyo maana mume wa Nekoye, Eliakim Walubengo, aliondoka nyumbani kwao nje ya mji wa Bungoma alfajiri ya siku hiyo. Angerudi jioni.

Eliakim alistaafu mwaka 1986 akiwa koplo. Mbwa wake aliitwa Sajini. Kwa miaka miwili sasa, watani wake sokoni Bungoma hawakuchoka kumuuliza ni nani kati yao humpigia mwenzake saluti. Siku waliyostaafu, Eliakim alitia sahihi ya kumchukua mbwa huyo kabla ya kutia sahihi karatasi zake mwenyewe. Kisa chake Nekoye alikijua kwa moyo. Mwaka 1983, ndani ya shamba la mahindi karibu na Kitale, mwizi wa ng'ombe alirusha panga kwenye shingo ya Eliakim. Sajini aliruka. Panga lilichukua nusu ya sikio lake, na rungu la mwizi wa pili likavunja jino lake kubwa la upande wa kulia.

Nekoye hakuwahi kumpenda mbwa huyo. Sajini alikula supu ya mifupa kabla ya wageni, na alilala nyuma ya meko, mahali ambapo kuku wake walikuwa wakiatamia. Lakini alfajiri ile Eliakim alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Nakhungu, usitoke nyumbani leo. Huyu sasa hawezi kujitetea."

"Enda zako. Kwani mimi si askari?"

Hayo ndiyo aliyokuwa amesema. Mlio wa tatu ulitoka upande huu wa mto.

Nekoye alifikiri haraka. Angemficha ghalani, lakini Sajini alikuwa mzito na miguu yake ya nyuma ilikuwa imelegea, asingeweza kumpandisha. Tena, mbwa anayefichwa ni mbwa mwenye kesi. Hapana. Wakija, wamkute waziwazi, na wamwone alivyo: mbwa wa serikali, si koko wa jalalani.

Aliingia ndani na kutungua mkanda wa kazi kutoka kwenye msumari nyuma ya mlango. Ulikuwa mkanda mpana wa ngozi nyeusi, wa kuzunguka kifua na mgongo, wenye vifungo viwili vya shaba. Eliakim aliupaka mafuta kila Jumamosi. Sajini alipouona, alisimama bila kusaidiwa, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nekoye alimvisha. Mbwa alikuwa amekonda, basi akakaza kifungo cha pili hadi kwenye tundu ambalo halijawahi kutumika. Kisha akampangusa mate mdomoni kwa kiganja chake, maana kitambaa kilikuwa mbali.

Sajini alikaa wima katikati ya uwanja, kifua mbele. Mtu yeyote mwenye macho ataelewa, Nekoye alijiambia.

Walifika kwa miguu. Mbele alikuwa Wabwile, naibu wa chifu, na fimbo yake. Nyuma yake alikuwa Jairus, ofisa wa mifugo, aliyevaa koti jeupe na viatu vya mpira. Kipruto, askari wa utawala, alibeba bunduki. Majirani kadhaa waliwafuata, na Cherop wa boma la pili alikuwa mbele yao, kwa sababu Cherop hakuwahi kukosa jambo.

"Mulembe, Mama Nakhungu," Wabwile alisema. "Leta karatasi."

"Karatasi iko Kitale. Mwenyewe ameenda kuichukua. Nyinyi si mlisema Ijumaa?"

"Kule ng'ambo tumemaliza mapema. Serikali ikimaliza mapema, ni makosa?"

"Mimi ndio mara ya kwanza kusikia imemaliza mapema," Cherop alisema. Watu wakacheka, lakini kidogo, maana bunduki ilikuwapo.

Jairus hakucheka. Kutoka hatua tano alikuwa akimtazama Sajini, aliyekuwa ameinuka kidogo, akayumba, akakaa tena.

"Mate haya yameanza lini?"

"Ni jino. Lilivunjwa kazini."

"Na hii kuyumba nyuma?"

"Ni uzee. Hata wewe utafika."

"Anabweka?"

"Alikuwa anabweka. Sasa sauti imekauka."

Jairus alimtazama Wabwile, na Nekoye akatambua alichokuwa amefanya. Mate, kuyumba, sauti. Ameulizwa mara tatu, na mara tatu ametoa ushahidi wa upande wa pili.

"Mama, sina nia mbaya na mbwa wako," Jairus alisema. "Nitakupa nafasi. Mbwa mwenye kichaa hawezi kumeza. Mpe maji. Akinywa, tutamfunga siku kumi tumwangalie. Asipokunywa, Kipruto atafanya kazi yake."

Nekoye karibu acheke kwa nafuu. Tangu asubuhi Sajini alikuwa hajanywa. Alileta sufuria ya mbwa ya kunywea, iliyobonyea, akaijaza hadi ukingoni, akaiweka chini ya pua yake.

Sajini aliyaangalia maji. Kisha akageuza uso.

"Kunywa," Nekoye alisema.

Mbwa alitazama mbele. Ulimi wake ulikuwa nje, mkavu katikati, na mate yalining'inia pembeni. Nekoye aliisogeza sufuria. Mbwa aligeuza uso upande wa pili. Nekoye alikimbia jikoni, akaleta maziwa yaliyobaki ya chai, akayamimina ndani. Sajini hakuyanusa hata kidogo.

"Ati anaogopa maji!" Cherop alisema kwa sauti ya chini. "Si mmeona?"

Majirani walirudi nyuma. Kipruto alivuta komeo la bunduki, likatoa sauti kavu na fupi.

Nekoye alitazama kiganja chake. Ndicho alichopangusia mate yale, na hakuwa amenawa. Kwa mara ya kwanza wazo lilimjia kwamba huenda wana haki, kwamba hata yeye hajui kinachomla mbwa huyu.

"Mama, sogea," Kipruto alisema.

Hakusogea. Alikuwa akimwangalia Sajini. Mbwa huyo hakuwa akitetemeka wala hakuwa akiyakimbia maji. Alikaa wima kama mtu anayelinda lango. Alikaa hivyo hivyo kila asubuhi. Kila asubuhi Eliakim humvisha mkanda, wakatembea hadi barabarani na kurudi, mzee na mzee, na Nekoye huwacheka akiwa jikoni na uji wake wa wimbi. Uji ulikuwa tayari sikuzote, lakini Sajini hakuugusa mpaka Eliakim apige goti na kufungua vifungo. Huko Kitale wezi walikuwa wakitupa nyama yenye sumu njiani. Kwa hiyo mbwa alifundishwa: mkanda ukiwa mwilini, hali, hanywi, hata mtoni, hata akipewa na bwana wake.

Miaka miwili ameyaona hayo kila siku kwa macho yake. Leo amemvisha kwa mikono yake mwenyewe.

"Ngojeni! Ni mkanda! Yuko kazini!"

"Si huyu alistaafu?" Wabwile aliuliza.

"Mimi nimemrudisha! Asubuhi hii, ili mmheshimu!"

"Mama, usimshike," Jairus alisema. "Kama ni kichaa, ni sindano kumi na nne, tena za tumboni. Na kama umechelewa, hata hizo hazitakusaidia."

Nekoye alipiga goti kati ya mtutu na mbwa. Kifungo cha kwanza kilikuwa chini ya kidevu, na mate yalikuwa yamekilowesha. Vidole viliteleza. Alivifuta kwenye sketi, akarudi, kikafunguka. Cha pili kilikataa. Tundu lilikuwa jipya na ngozi ilikuwa imebana. Sajini alitoa mngurumo mbaya, mkavu, kutoka ndani kabisa ya kifua.

"Mama, toka hapo!"

"Piga basi, unipige na mimi!"

Alivuta kwa kucha. Ukucha mmoja ulikatika, na mkanda ukaanguka mavumbini.

"Kazi imeisha, Afande," alisema, kama Eliakim anavyosema.

Sajini hakufanya lolote. Kisha alijikung'uta, kuanzia kichwani hadi mkiani, nusura aanguke. Alipiga hatua mbili hadi kwenye sufuria, akainusa, akasimama. Akainamisha kichwa upande, ili jino bovu lisiguse maji, akaanza kunywa.

Jairus alichuchumaa. Hakutazama ulimi, alitazama koo.

"Anameza," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Bado anameza."

Kipruto aliitoa risasi na kuiweka mfukoni.

"Siku kumi, kwa mnyororo," Jairus alisema akiandika. "Na wewe, mama, nawa hiyo mikono kwa sabuni, robo saa nzima. Akifa kabla ya siku kumi, uje hospitali siku hiyo hiyo."

"Hatakufa," Nekoye alisema. "Sitamruhusu."

Eliakim alirudi saa kumi na moja, mavumbi ya Kitale mabegani, karatasi ndani ya bahasha. Alimkuta Sajini amefungwa kwenye nguzo ya jiko, na Nekoye ameketi kando yake akimlisha uji uliopoa, kwa kijiko, upande wa jino zima. Aliutazama mkanda, uliokuwa umetundikwa ukiwa umegeuzwa ndani nje.

"Nani amemvisha?"

"Mimi."

Eliakim alifumba macho kidogo. Alikuwa ameelewa yote.

"Na nani amemvua?"

Nekoye hakugeuka. Kijiko kilikuwa njiani, na mbwa alikuwa amefungua mdomo.

"Kaa chini, Baba Nakhungu," alisema. "Zimebaki siku tisa na nusu, na huyu anakula polepole."