Karatasi ya Nne ya Meja Lohkamp

Mikokoteni mitatu ya majeruhi ilikwisha kuanza kuteremka kuelekea darajani, Meja Lohkamp alipoinua mkono. "Simama!" Tukasimama. Februari ya mwaka wa mwisho wa vita, Warusi wako kilomita nne nyuma yetu, na bwana huyu anasimamisha safari kwa sababu pikipiki imemletea kijisanduku cheusi.

Msalaba wa shingoni, nishani aliyoitamani kuliko zote. Hatimaye.

Nilikuwa karani wake miaka mitano. Polandi, Ufaransa, halafu Urusi: kila kilima alichokitwaa nilikipiga chapa, na majeraha yake matatu, na nishani zote za kifuani. Waliokufa kwenye vilima hivyo niliwaandikia mama zao. Ushujaa alikuwa nao, sitamnyima. Lakini askari walisema koo linamwasha, na dawa yake ni msalaba ule tu.

"Afande," alisema Sajini Drexel, mzee wa machimbo ya makaa, "daraja linalipuliwa saa nne. Sasa ni saa tatu na nusu."

"Kanuni inataka nivishwe na mkubwa wangu, mbele ya kikosi kilichojipanga. Kanali yuko njiani."

"Kikosi gani? Tumebaki hamsini na wawili, na kumi na tisa wamelala kwenye majani makavu."

"Hao watatazama wakiwa wamelala."

"Basi nikuvishe mimi, twende zetu. Mikono nimenawa."

"Nitakupeleka mahakama ya kijeshi, Sajini!"

"Iko ng'ambo, afande. Twende huko huko."

Meja hakucheka. Drexel akanigeukia, ametoa macho. "Kuhlwein, mwambie wewe! Wewe si ndiye unayemjua?"

Nimwambie nini? Kuondoka bila ruhusa hakuwezekani. Juzi yake dereva mmoja alifika darajani bila hati, polisi wa jeshi wakamtundika mtini. Sisi Wajerumani hata kukimbia tulikimbia kwa hati.

Hapo nikakumbuka kwamba nishani hupokewa kwa sahihi, nakala tatu. Nikaketi juu ya kreti, mashine ya chapa magotini, vidole vimekufa ganzi. Nikapiga nakala tatu. Kisha nikapiga ya nne, hati ya kuvukia: mikokoteni mitatu na madereva wake, majeruhi kumi na tisa, Sajini Drexel, karani Kuhlwein, wavuke mara moja.

Meja alitia sahihi huku anakitazama kijisanduku. Kwenye ya nne akasita. "Mbona nne?"

"Ya kumbukumbu, afande."

Akasaini. Nikagonga muhuri.

"Peleka mikokoteni pembeni," akasema, "inaharibu mstari."

Tuliipeleka pembeni, kisha mbali zaidi. Tulivuka saa nne kasoro dakika saba.

Kanali hakuja, alikuwa amevuka tangu jana yake. Daraja lililipuliwa saa nne kamili. Waliobaki mstarini na Meja walikuwa ishirini na wanane, wote wakatekwa, tisa wakarudi. Karatasi ile ilikuwa na nafasi ya kuwaandika nao. Sikuwaandika, maana orodha ndefu angeisoma. Majeruhi wawili walifia njiani, kumi na saba walipona. Drexel alirudi machimboni, akafa kwa kifua mwaka hamsini na nane. Meja aliachiwa mwaka hamsini na tatu, akafanywa mwenyekiti wa chama cha wapiganaji wa zamani wa mji wake. Msalaba alijivisha mwenyewe. Mimi nimepika melini, nimebeba magunia bandari sita. Ukarani sikuurudia.