Mwenzio Kachoka Tena

Waliotengeneza laptopu yangu walijivunia wembamba wake. Nyembamba, nyepesi, ina nguvu za ajabu, unaweza kuibeba kwa vidole viwili. Mimi nani kaniuliza kama nataka kubeba kitu kwa vidole viwili? Nilitaka mashine ya kufanyia kazi. Ofisi ikanipa hii, bapa kama sahani, na joto lake lingetosha kunyooshea mashati.

Kazi yangu ni kutengeneza picha za majengo ambayo bado hayajajengwa. Msanifu anachora mistari yake na kunitumia, mimi naweka kuta, madirisha, vigae, na jua la asubuhi likilala sakafuni, mpaka mteja anaamini ameshahamia. Nikimaliza kupanga, mashine inaachwa yenyewe itoe picha. Sisi tunaita kupika, kwa sababu unawasha, unafunika, unasubiri. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipokuwa unaanzia. Feni inaanza kulia, bati chini ya vidole linaunguza, halafu mashine inajipunguza mwendo. Ingezima kabisa ningejua moja. Haizimi. Inajikokota tu, na picha ya kuiva kabla ya chakula cha mchana inafika jioni bado mbichi.

Nilikuwa nimechoka hoi, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nilikuwa nachoka kabla sijaamka. Bosi wetu tunamwita Bwana Leoleo, maana hajawahi kutaka kitu kesho. Yeye ndiye aliyeniruhusu kufanya kazi nyumbani baada ya mama kuvunjika nyonga, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Lakini nilikuwa nimechelewesha picha, nikachelewesha tena, na mwanzoni mwa wiki ile alinipigia simu akiwa mpole kupita kiasi. Bosi akiwa mpole, jua mambo yameharibika.

“Dada, sina tatizo na mama yako,” alisema. “Nina tatizo na wateja. Picha za zahanati zisipofika Ijumaa kabla ya ofisi kufungwa, Jumatatu nakutaka hapa ukae kwenye meza yako kama wenzako.”

Ofisi iko jiji jingine, safari ya nusu siku kwa basi. Vyumba ninavyovimudu huko viko juu ghorofani, na mama ngazi haziwezi. Kwa hiyo mimi kwenda ofisini maana yake ilikuwa mama kurudi kwa kaka. Kaka yangu si mtu mbaya, wala wifi. Ila kwao watu wote wanatoka asubuhi na nyumba inafungwa, na mama alikaa humo ndani peke yake na redio tangu jua linachomoza mpaka linazama. Nilipokwenda kumchukua, alikuwa amesahau kuzungumza. Ukimuuliza kitu anafikiri kwanza, kama anatafuta neno alipoliweka. Niliapa kwamba harudi kule nikiwa hai, na niliwaambia ndugu wote, hata wasioniuliza.

Ndiyo maana ile mashine ilikuwa inanitia wazimu. Kila siku hadithi ilikuwa moja. Naipa picha, naiacha ipike, naenda kuoga au kuanika nguo au kusafisha mchele. Nikirudi, feni inalia na picha imesimama njiani. Hapo huna la kufanya ila kuiacha ipoe. Natoka na uso wangu umekunjamana, namkuta mama jikoni na chai imeshamiminwa, vikombe viwili.

“Mwenzio kachoka tena?” ananiuliza. Laptopu aliiita mwenzangu. Alisema tumefanana, wembamba na hasira.

Basi nakaa. Ananisimulia mambo ya shangazi yake aliyeolewa na kinyozi mwenye kigugumizi, jinsi wanaume wa mtaa mzima walivyotembea na nywele za upande mmoja kwa sababu akiongea alisimamisha mkasi, nao hawakuwa na subira ya kumsikiliza mpaka amalize. Anacheka mpaka anajifuta macho. Mimi nacheka nusu, mguu unanitetemeka chini ya meza, sikio liko chumbani linasikiliza feni.

Alhamisi nikaona hapana, nikaibeba kwa fundi. Kibanda chake kiko kati ya duka la viatu na saluni, na redio ya saluni ndiyo redio yake. Akaipindua, akafungua viskrubu vyake vidogo kama chembe za mchele.

“Hizi nyembamba zote ni hivyo hivyo, dada,” alisema. “Zimepewa injini ya lori na pua ya sisimizi. Hewa ikikosa pa kutokea joto linapanda, yenyewe inapunguza nguvu isije ikaungua.”

“Kwa hiyo inajihurumia.”

“Inajihurumia.”

“Mimi nani ananihurumia?”

Akasema hilo si la fundi. Akakwangua ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya bongo la mashine, akapaka mpya, akapuliza vumbi. Akaniambia nisiiweke kitandani wala juu ya mto. Nikamwambia sijawahi. Akachukua kibano, akakipenyeza kwenye feni, akavuta kidonge cha manyoya ya kijani.

“Nyumbani mna paka wa kijani?” akauliza.

Sikucheka. Nilikuwa naujua ule uzi. Mama ana shali ya sufu ya kijani, na tangu avunjike nyonga haitoi mabegani hata jua likiwa kali.

Njiani nilijipa jibu. Mama hufunika kila kitu. Televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, juu ya friji kuna kitambaa, hata chupa ya chai ina koti. Basi atakuwa ameifunika laptopu isiingie vumbi. Nikapumua. Nitamwambia asifanye tena, mambo yataisha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipojiuliza mbona sijawahi hata siku moja kuikuta imefunikwa. Usiku ule sikumuuliza kitu.

Ijumaa asubuhi nikaweka vizibo vya chupa chini ya laptopu ipate hewa, nikaipa picha ya mwisho ya zahanati, nikasema kwa sauti naenda kuanika nguo. Kamba ya nguo inapita nje ya dirisha la chumba changu. Nikajibanza nyuma ya shuka lililoloa.

Mama aliingia na fimbo yake. Akaiangalia mashine. Akavua shali, akaikunja, akaifunika mashine yote, akachomeka ncha zake chini huku na huku, vile alivyokuwa ananifunika mimi nikiwa na homa. Halafu akaweka kiganja juu, akangoja. Feni ilipoanza kulia akaacha ilie kidogo, akaikunjua shali, akaitupia mabegani, akatoka. Nikasikia vikombe jikoni.

Shuka lilikuwa limeniloanisha gauni lote na sikuwa na habari.

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Niliingia jikoni damu inanichemka. Chai ilikuwa imeshamiminwa.

“Mwenzio kachoka tena?” akasema.

“Mama, nimekuona.”

Akaweka birika chini. Mikono yake ikabaki juu ya meza. Nikamtazama, hasira ikaniishia nusu, nikamtafutia pa kutokea.

“Ulikuwa unaikinga na vumbi, sivyo?” nikamwambia. Alihitaji kusema ndiyo tu. Tungenywa chai tukayamaliza.

“Hapana,” akasema mama. “Vumbi nafuta kwa kitambaa.”

Nikavuta kiti.

“Siku ya kwanza ilikuwa vumbi kweli,” akasema. “Nikaifunika, nikasahau, ikaanza kulia, nikakimbilia kuitoa. Wewe ukatoka chumbani umenuna, ukaja ukakaa hapo ulipokaa. Tukazungumza mpaka chai ikapoa. Kesho yake nikaifunika tena.”

“Mama, unajua kwamba picha zikichelewa naitwa ofisini?”

“Najua.”

“Na nikiitwa ofisini unarudi kwa kaka.”

“Hilo nalijua pia.”

“Na kule ulikaaje, umesahau?”

“Sijasahau.” Alizungumza polepole, bila kuninyooshea kidole. “Kule nilijua wamekwenda kazini. Mtu akitoka unajua katoka, unamngoja jioni. Hapa nakusikia ukikohoa upande wa pili wa ukuta. Nakusikia unavuta kiti, unaongea na simu, unacheka na watu wa ofisini. Upo, na haupo. Hiyo, mwanangu, inachosha kuliko ile.”

Majibu nilikuwa nayo tele. Nani anakuogesha, nani anakupikia, nani anaamka ukikohoa. Niliumia. Na pamoja na kuumia niliona haya, kwa sababu lile nililojisifia kwa ndugu wote, kwamba mimi ndiye ninayekaa na mama, yeye alikuwa halioni. Alilazimika kuunguza mashine ili alipate kidogo kidogo.

Chai hakuna aliyeigusa.

“Picha imeisha?” akauliza mwishowe.

“Bado. Na ikiendelea hivi haimalizi.”

“Basi twende.”

Akararua kifuniko cha boksi la sabuni, akatangulia na fimbo yake. Akakaa kwenye kiti karibu na meza yangu, akaanza kuipepea laptopu. Sikuwahi kumwona mama amekaa chumbani mwangu. Nikakaa kitandani. Feni ikashusha sauti, na ule mstari unaoonyesha picha imefika wapi, uliokuwa umelala njiani, ukaanza kutambaa. Alipochoka mkono wa kulia alihamia wa kushoto, nikimwambia anipe hataki.

“Hii ndiyo zahanati?” akauliza.

“Ndiyo.”

“Nzuri. Safi.” Akaisogelea skrini. “Mbona haina watu?”

“Watu wanawekwa mwisho, mama. Muda ukibaki.”

“Aa,” akasema, akaendelea kupepea.

Nikamwomba anirudie habari ya kinyozi. Safari hii niliisikia yote. Kumbe ile hadithi ina mwisho, na mwisho wake ni wa kusikitisha: kinyozi alipokufa, shangazi alikaa mwaka mzima akimalizia maneno ya watu kabla hawajayamaliza, kwa mazoea. Sikuwahi kuufikia mwisho huo. Siku zote nilikuwa nimeshainuka.

Picha ikaiva mchana. Nikaikagua, nikazituma zote kwa pamoja, ofisi ikiwa bado wazi kabisa. Simu ikaita kabla sijafunga kifuniko cha laptopu.

“Kumbe ukitaka unaweza,” alisema Bwana Leoleo, na upole wote umekwisha, yaani amefurahi. “Mteja kapenda. Ile habari ya kuja ofisini isahau, kaa hapo hapo kwako. Na kwa vile mashine imepona, nakuongezea na kazi za yule mwenzako aliyeondoka. Utaziweza?”

Nikasema nitaziweza. Nikasema asante, na nilipokata simu nikagundua nimeisema mara nyingi.

“Anasemaje?” akauliza mama. Kipande cha boksi kilikuwa mapajani mwake.

“Amekubali. Siendi popote. Nabaki hapa na wewe.”

“Na mimi,” akarudia mama. Hakuwa ananicheka. Alilisema taratibu, akatikisa kichwa kukubali.

Laptopu ikalia mlio wa ujumbe. Zilikuwa kazi za yule mwenzangu aliyeondoka ofisini, zimeshaanza kuingia, moja juu ya nyingine, na ya kwanza ilitakiwa leo. Mama aliona uso wangu. Akachukua fimbo, akainuka kwa shida, nikamshika kiwiko mpaka aliposimama vizuri. Alipofika mlangoni akageuka.

“Nikufungie, ufanye kazi?”

“Ndiyo, mama, fungia,” nikasema. Macho yangu yalikuwa yamesharudi kwenye skrini.